Kufuli la baiskeli kwa pwani ya kusini: anza na tundu la ufunguo

Wanunuzi wengi wa kufuli la baiskeli huangalia unene wa chuma tu. Wanalinyanyua, wanaliona zito, wanalipa na kuondoka. Kwa mtu wa Dodoma au Tabora hilo linaweza kutosha. Kwa anayeishi Mtwara mjini, Mikindani au Lindi kuna adui anayelifikia kufuli kabla ya mwizi, naye ni chumvi. Kusi inavuma kutoka baharini, na kaskazi ikishika zamu kuanzia Novemba nayo inatoka baharini. Kufuli linaloshinda nje pale Shangani au Feri, Mtwara mjini, linapakwa chumvi mwaka mzima. Chumvi hiyo haianzi na chuma kinene cha nje. Inaanza na springi za ndani ya silinda, ile sehemu inayopokea ufunguo na kuzunguka nao. Ni waya mwembamba kuliko sindano ya kushonea, na hizo zikishakatika kufuli limekufa hata kama kwa nje linang'aa.

Ndiyo maana nashauri kufuli lichaguliwe kutoka ndani kwenda nje: kwanza tundu la ufunguo na kilichomo, pili namna upinde, kile chuma kilichopinda kinachoingia kwenye mwili wa kufuli, unavyoshikwa, tatu unene. Wauzaji wanakupa mpangilio huu kinyumenyume, kwa sababu unene ndio unaoonekana.

Kilichomo ndani ya silinda

Makufuli mengi ya madukani kwetu ni ya pini. Ndani ya silinda kuna safu ya vitundu, kwa kawaida vinne mpaka sita, na kila kitundu kina pini mbili za brasi na springi moja inayozisukuma. Ufunguo ukiingia, meno yake yanazipandisha pini mpaka pale zinapoachana zilingane na ukingo wa silinda, ndipo inapozunguka. Pini moja tu ikigoma, kazi imeishia hapo.

Brasi haishiki kutu nyekundu, ila inatoa ukungu wa kijani, na ukungu ule ukichanganyika na vumbi unakuwa uji mzito unaoshikilia pini. Springi za chuma ndizo zinazolika kabisa. Unaweza kujua hali ya ndani bila kufungua chochote: ingiza ufunguo, utoe, kisha uufute kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha mstari mweusi mwepesi, huo ni unga wa msuguano tu wala usikutishe. Ukiacha rangi ya kijani na chembe zinazokwaruza kidole, ndani mna chumvi na mchanga, na kufuli linahitaji kuoshwa wiki hiyo hiyo. Ukiona ufunguo unaingia wote lakini siku nyingine unazunguka na siku nyingine unakataa, kuna springi imechoka. Kufuli la namna hiyo litakuacha njiani, tena usiku.

Kuna mfumo wa pili usio na springi za pini. Unatumia visahani vilivyopangwa kama sarafu kwenye bomba, na ufunguo wenyewe ndio unaovizungusha kwenda na kurudi. Uligunduliwa Finland mwaka 1907 na fundi aitwaye Emil Henriksson, na ndio uliozaa makufuli ya Abloy. Ufunguo wake unautambua mara moja: shina lake ni la nusu duara, na mikato yake imeinamishwa kwa pembe tofauti badala ya kuwa na vilima na mabonde. Kwa kuwa hakuna springi ya kukatika wala pini ya kunasa, mfumo huu unavumilia uchafu na unyevu kuliko ule wa pini.

Huko Ulaya makufuli mengi yanayosifiwa kwa kuendesha baiskeli mjini wakati wa baridi kali yana silinda ya visahani. Msomaji wa Lindi akiona boksi limeandikwa kwamba kufuli limetengenezwa kwa majira ya theluji, anaweza kuliweka kando akidhani halimhusu. Linamhusu sana. Kwenye miji ile barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na tairi huirusha ile chumvi mpaka kwenye kufuli. Ni chumvi ileile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Suala la maji kuganda ndani ya tundu waachie wao. Mpira wa kuzuia maji, kifuniko cha tundu na mipako ya kuzuia kutu ni vitu unavyovihitaji kuliko wao, kwa sababu baridi yao inapita na upepo wetu hauishi.

Ufunguo wa duara, ule unaofanana na bomba dogo, ukwepe. Mwaka 2004 huko Marekani ilidhihirika hadharani kwamba makufuli ya baiskeli ya aina hiyo, hata yale ya bei kubwa, yalifunguka kwa ganda la kalamu ya Bic lililosukumwa kwenye tundu na kuzungushwa. Watengenezaji wakubwa waliachana nayo, lakini nakala za bei rahisi bado zinauzwa.

Ya namba nayo sina imani nayo pwani. Yenye magurudumu matatu ina michanganyiko 1,000 tu. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde mbili anaimaliza yote kwa zaidi kidogo ya nusu saa, na mwenye vidole vyepesi haihitaji hata hiyo, anavuta na kusikilizia. Chumvi ikiingia kati ya magurudumu yale, hayazunguki tena.

Ukweli ni kwamba visahani ni nadra kwenye maduka ya Mtwara. Ukikosa, chukua la pini lakini dai mambo matatu. Liwe na kifuniko cha tundu kinachorudi chenyewe. Liwe na kitundu kidogo cha kutolea maji upande wa chini. Na mwili uwe kipande kimoja cha brasi, usiwe wa vibati vilivyopangwa na kupigwa ribiti. Yale ya vibati ni magumu kwa nyundo, hilo nakubali, lakini maji ya chumvi yanaingia katikati ya vibati na hayatoki, na kutu inayovimba ndani inasukuma mpaka upinde unagoma kushuka.

Upinde unashikwa wapi?

Fungua kufuli uangalie miguu ya upinde. Kama kuna mkato kwenye mguu mmoja tu, kufuli linashika upande mmoja. Mwizi akiupinda mguu ule kwa nondo au akiukata mara moja, anauzungusha upinde na kazi imeisha. Mikato miwili, mmoja kila mguu, ndiyo unayoitaka, kwa sababu hapo atalazimika kukata mara mbili.

Angalia pia umbo la mkato. Ukiwa mviringo kama nusu ya goroli, ndani kuna goroli za chuma zinazobana. Ukiwa tambarare upande mmoja na mteremko upande wa pili, ndani kuna ulimi wa springi, na ulimi huo unaweza kurudishwa nyuma kwa kipande cha bati la kopo la soda kilichokatwa na kupenyezwa kando ya upinde. Kazi hiyo haina kelele wala haihitaji nguvu. Kufuli la ulimi linafaa kabati la nguo.

Kwa makufuli ya umbo la U ni hivyo hivyo: mtambo unaoshika miguu yote miwili, si mmoja.

Unene, na jinsi ya kujua kama chuma ni kigumu kweli

Waya uliovikwa plastiki, ule wenye rangi nzuri unaotundikwa milangoni mwa maduka, unakatwa kwa plaizi. Ukiuvua plastiki unakuta nyuzi nyembamba, na mara nyingine katikati kuna kamba tu. Kazi yake ni kuzuia gurudumu la mbele lisichukuliwe wakati fremu imefungwa kwa kitu cha maana. Usiutegemee kwa zaidi ya hapo.

Kwa chuma kilichokomazwa, mkasi wa kukatia nondo wa ukubwa wa kati unashindwa kuanzia milimita 13 au 14 hivi. Mikasi mikubwa kabisa inaanza kushindwa kuanzia milimita 16. Chini ya milimita 10, hata mkasi wa kubebwa ndani ya begi unatosha. Hizi ni namba za chuma kigumu. Chuma laini cha milimita 14 kinakatika kirahisi kuliko kigumu cha 10. Grenda ya betri inakata vyote hivyo, tofauti ni muda na kelele. Siku hizi kuna pinde zenye tabaka la kauri zinazokula diski za grenda, kama Hiplok D1000 na Litelok X1 za Uingereza, ila bei yake inazidi bei ya baiskeli nyingi zinazopita barabara ya Mikindani.

Neno HARDENED lililopigwa kwenye upinde halithibitishi kitu, maana kila kiwanda kina mhuri. Omba tupa ndogo pale pale dukani, jaribu upande wa ndani wa upinde ambao hauonekani. Tupa ikiuma na kutoa unga unaong'aa, chuma ni laini, msumeno utakipita. Ikiteleza bila kuacha alama, chuma kimepikwa. Piga mara mbili tatu mahali hapo hapo, kwa sababu pigo la kwanza linaweza kuwa linateleza kwenye kromiamu ya juu tu. Muuzaji anayekataza jaribio hili anajua jibu lake.

Boksi likiwa na alama ya Sold Secure ya Uingereza, madaraja yake kutoka chini ni Shaba, Fedha, Dhahabu na Almasi. Alama ya ART ya Uholanzi inahesabu nyota, na bima za baiskeli za kule hutaka nyota mbili. Hizo zimetokana na majaribio ya watu wasiouza kufuli. Namba nyingine, kama 8 kwa 10 au 12 kwa 15, ni kipimo cha kiwanda chenyewe. Usilinganishe namba ya kampuni moja na ya nyingine.

Kinachonunulika hapa

Kwa Phoenix au baiskeli ya mtumba ya Japani, mpangilio ninaouamini ni huu: loki ya gurudumu la nyuma kwa kusimama dakika mbili, na mnyororo wenye kufuli kwa kuacha baiskeli. Makufuli ya U yanapatikana kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda, lakini mengi ni marefu kupita kiasi. Nafasi ikibaki ndani ya U, mtu anaingiza jeki au nondo na kupanua. Uwazi wa ndani wa sentimita 10 kwa 20 hivi unaenea fremu, ringi na nguzo nyembamba.

Bajeti? Asilimia 10 mpaka 15 ya thamani ya baiskeli. Baiskeli ya shilingi 250,000 inastahili kufuli la 25,000 mpaka 37,500, mnyororo ukiwamo.

Mnyororo wa kupimwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni wa chuma laini mara nyingi, hivyo beba tupa na huko. Chukua milimita 8 kwa uchache, 10 ukiweza. Mita moja ya milimita 8 ina uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Ya milimita 10 inapita kilo mbili. Urefu wa sentimita 90 hadi 110 unatosha kuzunguka fremu, gurudumu na nguzo. Ukizidi hapo unaning'inia mpaka chini, na mnyororo unaogusa sakafu unampa mwizi fuawe ya bure: anaweka kiungo juu ya saruji na kushusha nyundo.

Kosa la kawaida kabisa: mtu ananunua mnyororo wa milimita 8 na kufuli lenye upinde wa milimita 10, akifika nyumbani upinde hauingii kwenye kiungo. Viungo vifupi vya milimita 8 vina uwazi usiofika milimita 10 au unaoipita kidogo sana. Nenda na kufuli dukani, lijaribu kwenye kiungo cha mwisho kabla mnyororo haujakatwa. Wengine humpelekea fundi wa kuchomelea aongeze pete kubwa mwishoni. Kama mnyororo ni wa chuma laini, haina neno. Kama umekomazwa, moto wa kuchomelea unaua ugumu wa viungo vya jirani, na sehemu dhaifu kabisa inakuwa pale ulipolipa pesa kuiimarisha.

Upinde uwe mfupi. Kufuli la milimita 60 kwa upana, likiwa limeshikilia viungo viwili vya mwisho, libakishe nafasi ndogo isiyoweza kupokea mdomo wa mkasi.

Mnyororo mtupu unakwaruza rangi ya fremu, na rangi ikitoka chumvi inaingia. Watu huuvika tyubu kuukuu ya baiskeli, jambo jema, ila tyubu inashika maji. Toboa matundu kila sentimita tano upande wa chini, na mara moja kwa wiki wakati wa mvua ivute nyuma mnyororo upate hewa. Wanaosahau hukuta mnyororo mzima umekuwa mwekundu ndani ya mpira ambao kwa nje ni safi.

Wachuuzi wa samaki wana shida ya peke yao. Tenga au boksi likiwa kwenye keria, maji ya barafu na chumvi yanadondoka moja kwa moja kwenye loki ya gurudumu la nyuma, ambayo iko chini yake hasa. Hakuna loki inayomaliza mwaka kwa maisha hayo. Kwao loki hiyo ingeondolewa kabisa, mnyororo ukafungwa kwenye bomba la siti wakati wa safari, mbele ya matone.

Kufunga kwenyewe

Kitu cha kufungia kichunguze kabla ya kufuli. Bomba la maji la plastiki halihesabiki. Nguzo ya kibao cha barabarani itikise: nyingine zimesimama kwenye mchanga tu, nyingine baiskeli inanyanyuliwa na kupitishwa juu. Nguzo ya umeme ni nene, U haiizunguki, mnyororo wa mita moja nao hautoshi. Grili ya dirisha la duka inafaa kama nondo zake zimechomelewa ndani ya fremu iliyozama ukutani, ila kumbuka nondo za grili nyingi ni laini; mwizi mwenye msumeno atakata grili aache kufuli lako zima, nawe utabaki na kesi na mwenye duka. Omba ruhusa, funga upande anaokaa muuzaji. Macho ya mama anayekaanga mihogo pale pembeni yana thamani kuliko milimita mbili za chuma.

Fremu na gurudumu la nyuma vifungwe pamoja. Gurudumu la nyuma ndilo ghali, lina gia au breki. Fundi maarufu wa Marekani, Sheldon Brown, alieneza mbinu ya kutumia U ndogo kushika nguzo pamoja na tairi na ringi ya nyuma, ndani ya pembetatu ya fremu, ile iliyo kati ya bomba la siti na mabomba mawili yanayokwenda kwenye ekseli. Kwa kuwa gurudumu haliwezi kuvutwa kupitia pembetatu ile, fremu nayo imefungwa hata kama kufuli halikuigusa. Anayetaka kuondoka nayo lazima akate kufuli, au akate ringi na tairi, ambavyo vikikatwa baiskeli imepoteza thamani. Kwenye Phoenix mbinu hii inafanya kazi vizuri, ila pitisha kufuli juu ya kikinga cheni lisikibonyeze.

Kufuli lining'inie juu ya ardhi, tundu likitazama chini mvua isiingie, na uwazi wa ndani ujazwe kadiri inavyowezekana. Mnyororo upite katikati ya spoku na kuizunguka ringi, usipite kwenye spoku peke yake, kwa sababu spoku zinakatwa kwa plaizi.

Msimu wa korosho unabadilisha hesabu. Baiskeli zinasubiri foleni nje ya ghala la chama cha msingi zikiwa na magunia mawili kwenye keria, na magunia yanafunika pembetatu ya nyuma yote. Hapo funga mbele: mnyororo upite kwenye ringi ya mbele, uzunguke bomba la chini la fremu, kisha nguzo au baiskeli ya mwenzako unayemwamini. Baiskeli mbili zilizofungwa pamoja, moja ikitazama huku na nyingine kule, hazibebeki na mtu mmoja.

Nati za magurudumu ya Phoenix zinataka spana, na hiyo inampunguza kasi mwizi. Baiskeli za mtumba za milimani mara nyingi zina mkono wa kufungulia kwa vidole, gurudumu linatoka kwa sekunde chache. Badilisha mikono hiyo kwa boliti, ya siti pia. Siti unaweza kuiokoa kwa kipande cha cheni kuukuu ya baiskeli kilichoingizwa ndani ya tyubu: kipitishe kwenye vyuma vya chini vya siti na kwenye fremu, kisha kiunganishe kwa kifaa cha kukatia cheni.

Kuosha na kupaka mafuta

Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukimimina mafuta kwenye kufuli lenye chumvi unaifunika tu ndani, na inaendelea kula. Maji ya bomba yasiyo na chumvi ndiyo ya kwanza, hata kama moyo unakataa kutia maji kwenye kufuli.

Kufuli lililoanza kugoma lifanyie hivi. Puliza mchanga kwa pampu ya baiskeli, mdomo wa mpira ukikaribia tundu. Chovya kufuli lote kwenye maji masafi ya uvuguvugu kwa dakika kumi, ukiingiza na kutoa ufunguo. Badilisha maji, rudia. Kung'uta vizuri, kisha anika juani saa mbili, tundu likitazama chini. Likikauka pulizia WD-40, ambayo kazi yake ni kufukuza maji yaliyobaki. Siyo mafuta ya kudumu, inakauka na kuondoka. Subiri saa moja, ndipo udondoshe mafuta ya cherehani, matone mawili au matatu, hayazidi. Ingiza na kutoa ufunguo mara ishirini, ukiufuta kila mara, mpaka utoke safi. Weka tone moja kila mguu wa upinde.

Usilazimishe ufunguo katikati ya kazi hii. Ufunguo wa brasi unakatikia shingoni, na kipande kilichobaki ndani ni kigumu kukitoa kuliko kufuli lenyewe lilivyokuwa.

Kwa kufuli linaloshinda karibu na bahari nashauri matone haya kila wiki mbili, na kuosha kwa maji kila mwezi. Kwa Masasi au Tandahimba kila mwezi matone yanatosha, ila vumbi jekundu la huko lipulizwe kwanza.

Mafuta yasiyofaa ni mengi kuliko yanayofaa. Mafuta ya kula yanageuka gundi. Oili chafu ya gari ina masizi na chembe za chuma. Grisi inafaa kwa nje ya mnyororo, ndani ya tundu inakamata mchanga. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo kufuli lililopakwa Mtwara mchana linaweza kugoma alfajiri ya Julai ukiwa Newala, juu kwenye uwanda. Unga wa penseli unasifiwa sana, na bara unasaidia. Pwani siupendi, kwa sababu grafaiti ikikutana na maji ya chumvi inaharakisha ulikaji wa chuma kilicho karibu nayo, tena ikichanganywa na mafuta inakuwa matope.

Nanga ya nyumbani

Baiskeli nyingi huachwa uani usiku zikiegemea ukuta. Nanga ya zege inagharimu kidogo. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 40. Pinda nondo ya milimita 16 iwe U, ncha zake zikunjwe kwenda nje kama miguu, ili isivutike. Acha tundu juu ya usawa wa ardhi, linalopitisha mnyororo wako tu. Uwiano wa zege ni moja kwa mbili kwa nne: kwa shimo hilo ni kama robo ya mfuko wa saruji wa kilo 50, ndoo ya lita 20 ya mchanga isiyojaa, na ndoo moja na nusu ya kokoto. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kama uko mlangoni kwako. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege, kutu inavimba na zege linapasuka. Mwagilia siku saba, ndipo uanze kufungia. Sehemu iliyo nje ipakwe rangi ya kuzuia kutu.

Namba na funguo

Kufuli zuri huja na funguo mbili au tatu na namba ya ufunguo kwenye kadi au kibati. Piga picha ya namba hiyo, kisha kibati kiondoe kwenye shada la funguo, maana anayekiokota anaweza kuchongesha. Ufunguo wa akiba usikae kwenye begi moja na wa kwanza.

Namba ya fremu imepigwa mara nyingi chini ya ekseli ya pedeli, au kwenye bomba la siti. Geuza baiskeli, sugua matope kwa mswaki wenye mafuta ya taa, piga picha ya namba, ya risiti na ya baiskeli nzima ikionyesha alama zake: keria iliyochomelewa, siti iliyoshonwa, pedeli isiyofanana na mwenzake. Ikiibiwa, nenda kituo cha polisi ukapewe RB, yaani namba ya taarifa yako, siku hiyo hiyo, kisha peleka picha zile kwa mafundi baiskeli wa mtaani na wa Soko Kuu, kwa sababu baiskeli ya wizi karibu kila mara hupita kwa fundi kubadilishwa kitu.